Nyayo za Mwanamume Mkobani mwa Mchumba Wangu

"Hizi nyayo ni za nani?"

Nilimshikia mchumba wangu karatasi mbele ya uso. Ndiyo kwanza alikuwa ameingia kwenye karakana yangu ya viatu, akaniomba nimtolee kalamu mkobani. Kalamu sikuiona. Niliona karatasi iliyochorwa nyayo mbili za mwanamume. Mtu mwingine angeona michoro tu, lakini mimi nimeshona viatu miaka kumi na miwili. Nambari arobaini na tano, vidole virefu, unyayo wa kulia umetandazika kuliko wa kushoto.

"Fundi, tulia kwanza."

"Umemchora wewe?"

"Hapana."

"Hakuna anayejichora nyayo mwenyewe. Mtu anavua soksi, anasimama wima, mwenzake anachuchumaa na kumshika kifundo cha mguu. Mimi ndiyo kazi yangu, usinidanganye."

"Amechorwa na mkewe."

"Kumbe ana mke. Makubwa haya."

Alinitazama kama asiyenijua. Sikukoma. Nilikuwa na kinyongo cha siku nyingi, kwa sababu mchumba wangu ni karani kwenye kampuni ya kusafirisha mizigo. Makontena ya viatu vya bei rahisi kutoka ng'ambo yanapita mezani kwake, na viatu hivyo ndivyo vilivyonifanya niwaachishe kazi mafundi wangu wawili.

"Mchana unawafungulia mlango wanaoniua njaa," nikamwambia. "Sasa umewafungulia na moyo. Kikulacho ki nguoni mwako."

Alivua pete ya uchumba, akaiweka juu ya cherehani, akaondoka. Hakulia. Angelia ningejiona mshindi.

Baada ya saa moja simu ikaita. Alikuwa mama yangu.

"Umemfanya nini mkwe wangu? Nimempigia tuzungumzie harusi, ananiambia nikuulize wewe."

"Mama, nimekuta nyayo za mwanamume mkobani mwake."

"Nyayo? Na mwenye nyayo yuko wapi?"

"Sijui."

"Basi mtafute kwanza ndipo uvunje uchumba. Una akili wewe?"

Sijakata simu, ujumbe ukaingia: "Sina mwanamume mwingine. Nina mteja wako. Soma mwenyewe, nimekutafsiria."

Chini yake kulikuwa na barua:

"Bibi, nimeona video ya viatu vyako mtandaoni. Umesema mguu wako wa kushoto ni mfupi, lakini humo unatembea bila kuchechemea. Mimi ni mwalimu mstaafu. Tangu ajali natembea kwa fimbo. Fundi aliyenishonea amezeeka ameacha kazi, na viwandani hutengenezwa jozi zinazolingana tu. Mke wangu amenichora nyayo. Je, fundi wako anaweza?"

Nilikaa kwenye kigoda, masikio yanawaka kwa aibu. Ni kweli, ndivyo tulivyojuana. Alikuja kuongezewa soli ya kushoto, akarudi tena na tena, hata ikawa si kwa ajili ya soli. Na karatasi ile, fundi mzima, niliona kila kitu isipokuwa mtu anayeegemea mguu mmoja.

Ujumbe wa pili: "Wako wengine kumi na mmoja wanangoja jibu, katika nchi nne. Nilikuja tuongee na mwalimu kwa video, ili uamini."

Nilimpigia mara tatu, hakupokea. Nikaitia pete mfukoni, nikaenda ofisini kwake na aproni yangu ya gundi. Nilimkuta peke yake, anagonga mihuri.

"Nimekuja kuomba msamaha."

"Kwa lipi? La mwanamume au la kazi yangu?"

"Yote mawili."

"La kazi linaniuma zaidi. Gundi yako inatoka wapi?"

"Ng'ambo."

"Soli?"

"Ng'ambo."

"Ngozi?"

"Ya hapa hapa. Na mikono ya hapa."

"Basi nisikilize. Meli inayoleta viatu vyao hairudi tupu. Najua nani anapakia nini, na najua hati za kupakia viatu vyako humo. Kwa viatu vya watu wenye miguu sawa watakushinda daima. Hivi vyako vya miguu isiyolingana hawaviwezi. Nilitaka uwarudishe mafundi wako wawili, ndiyo zawadi niliyokuwa naiandaa. Wewe ukanipa mwanamume."

"Nimekosa. Wivu umenipumbaza."

Kabla hajajibu, simu yake ikaita kwa video. Mzee mwenye miwani alitokea, mkewe pembeni, fimbo imeegemezwa kwenye kiti. Alizungumza kwa lugha yake, mchumba wangu akawa mkalimani.

"Anauliza kama unaweza."

"Naweza. Mwambie avue soksi, mkewe apime upya kutoka nyongani hadi kisiginoni, kila mguu."

Walipima pale pale. Nikatoa chaki kwenye aproni, nikaandika vipimo ukutani. Mzee alipomaliza alifuta macho, akauliza jambo jingine. Mchumba wangu akainamia mihuri yake bila kutafsiri.

"Anasemaje?"

"Anauliza mimi ni nani kwako."

Nilitoa pete mfukoni, nikaiweka mezani katikati ya mihuri.

"Mwambie wewe ni mke wangu, kama bado unanitaka."

Aliigeukia simu na kusema neno moja. Kule ng'ambo mke wa mwalimu akaanza kupiga makofi.

"Umemwambia nini?"

"Nimemwambia: mkewe," alisema, akaichukua pete.