Ngazi ya Mashua ya Dorkasi

Asubuhi moja ya kipupwe, Dorkasi alimaliza kumkamua mbuzi wake, akasimama kutazama ng'ambo ya ziwa. Huko ndiko lilikokuwa shamba lake la mtama. Mtama ulikuwa umeiva. Juu yake lilizunguka wingu la ndege.

"Kwelea," alisema. "Mwaka huu wamewahi."

Ilikuwa enzi ya Wajerumani, reli ilipokuwa imekwisha kupita Gulwe na kuelekea Dodoma. Yotham, mume wa Dorkasi, alikuwa amekwenda kazi ya reli pamoja na wanaume wengi wa pale. Nyumbani walibaki Dorkasi na baba mkwe wake, mzee Matonya. Kulizunguka ziwa kwa miguu kulichukua nusu siku, tena katika matope ya viboko. Kwa mashua ndogo ya tanga aliyoiacha Yotham, ulifika kabla jua halijawa kali. Dorkasi alijua kuiendesha. Shida ilikuwa kuishusha majini. Zamani wanaume sita waliibeba, na sasa sita hao walikuwa wakibeba vyuma vya reli.

Juzi yeye na mzee waliiburuta juu ya changarawe. Ubao wa chini ulichubuka, maji yakaanza kupenya. Wakiiburuta tena na tena, itatoboka. Na ndege wakiumaliza mtama, chakula cha mwaka mzima kimekwenda.

"Nitaitengenezea njia," alisema mzee Matonya.

Akaijenga kama paa la tembe, nyumba ya paa bapa: nguzo, fito, nyasi, kisha udongo ulioshindiliwa mpaka ukawa mgumu. Mzee alikuwa bingwa wa tembe. Paa zake hazikuvuja hata tone. Dorkasi aliona kuwa udongo ule utalambwa na mawimbi. Lakini katika nyumba ile mkamwana hambishii baba mkwe, wala hamtazami usoni. Likiwapo neno zito, Dorkasi alimwambia mbuzi, na mzee akasikia. Safari hii hata mbuzi hakumwambia kitu. Aliogopa.

Siku ya pili walipoipitisha mashua, udongo ulikuwa umelowa ukawa uji. Njia ikabomoka, mashua ikakwama topeni. Dorkasi alilia. Alilia kwa ajili ya mtama, na zaidi kwa sababu alijua na hakusema.

Jirani yao Bi Arafa alikuwa akipita. Baba yake alikuwa fundi wa mashua huko Ujiji, akaja na misafara akabaki huku.

"Shikamoo, mzee Matonya."

"Marahaba, Bi Arafa. Tuone tu tulivyoaibika."

"Hakuna aibu. Umejenga paa, na paa halikai majini. Mashua inataka ngazi."

"Ngazi? Mashua itapanda wapi?"

Bi Arafa alicheka. "Itateremka, mzee. Ngazi ya kulala chini, inayosukumwa majini na kuvutwa tena nchi kavu."

"Kwa nini tuivute? Si tuiache palepale?"

"Ukiiacha majini, itaota utelezi, na mamba ataifanya kitanda chake. Ukiilaza udongoni, mchwa wataila. Ivute, uiweke juu ya mawe. Maji yakipungua kiangazi, unaisukuma mbele kidogo tu."

Mzee alijikuna kidevu. "Haya. Kuuliza si ujinga. Tuonyeshe."

Kwanza waliitoa mashua topeni, wakaziba ufa kwa kitambaa na nta ya nyuki. Kisha wakakata miti miwili mirefu iliyonyooka, na vijiti vinene vya kukingama. Chini ya ngazi waliweka magogo mafupi ya mviringo ili isukumike kirahisi. Juu, mbali na maji, wakachimbia nguzo imara.

Ukafika wakati wa kufunga vijiti. Mzee Matonya akaleta kamba za ngozi ya ng'ombe. Kwa mfugaji, hakuna kamba bora kuliko hiyo. Bi Arafa alikuwa amekwenda kwake kupika. Dorkasi akatazama zile kamba. Akamgeukia mbuzi.

"Ewe mbuzi," alisema, "ngozi ikikauka inabana. Lakini ikilowa inalegea. Vijiti vikilegea, mashua itaanguka, na sisi tutalala njaa."

Mzee aliiweka kamba yake chini. Kisha naye akamgeukia mbuzi.

"Mbuzi, una akili kuliko mimi. Mbona siku ya udongo hukusema?"

"Aliogopa," alijibu Dorkasi, macho chini.

"Mwambie asiogope tena."

Wakafunga kwa kamba za gome la mbuyu. Bi Arafa aliporudi, akavuta kila fundo, akaridhika. Wakapaka vijiti mafuta ya ng'ombe, wakasukuma ngazi mpaka ncha yake ikaingia majini, wakaipandisha mashua juu yake.

"Sasa zungusha kamba ya mashua mara mbili kwenye nguzo," alisema Bi Arafa. "Nguzo itashika uzito. Wewe shika ncha tu, uilegeze polepole. Na asisimame mtu mbele ya mashua."

Dorkasi akalegeza. Mashua ikateleza taratibu, ikaelea. Hata kucha haikumkatika.

Siku kumi na moja alikwenda kuvuna na kurudi. Kila jioni waliivuta mashua juu kwa kamba, kisha ngazi, wakailaza juu ya mawe. Ndege walikula sehemu yao, lakini ghala lilijaa mtama mpaka mdomoni.

Kiangazi Yotham akarudi kwa gari moshi. Alikuwa na wasiwasi juu ya shamba, kwa hiyo alikuja na wanaume watano kutoka stesheni.

"Tumekuja kuishusha mashua," alisema.

Dorkasi alisukuma ngazi majini, akazungusha kamba mara mbili, akalegeza. Mashua ikaelea. Wanaume sita walisimama ufukweni, mikono imewaning'inia.

Mzee Matonya akamgeukia mbuzi.

"Mbuzi," alisema, "waambie wageni wakae wale ugali. Kazi waliyoijia, mkamwana wangu ameimaliza."