Kipimo cha Tatu

Jumanne ile nilikuwa nimekataliwa kazi kabla hata ya chai. Barua pepe ya mistari miwili: we regret to inform you. Wana-regret kila wiki hawa, wangekuwa binadamu wangeshachoka. Nina digrii ya uhandisi wa kompyuta, daraja la kwanza, na asubuhi hiyo kazi yangu ilikuwa kumtafutia mama mdogo vifungo chini ya kochi.

Mama mdogo ndiye aliyenilea mama yangu alipofariki. Anashona nguo nyumbani, nyuma ya pazia linalogawa sebule.

"Msomi!" aliniita. "Hebu njoo usikilize hili kopo lako. Linakoroma kama mjomba wako."

"Si langu. Ni la mchumba wako."

"Mchumba wa nani? Koma!" Akacheka mpaka akaacha kushona.

Kopo lenyewe ni kompyuta ndogo, saizi ya kopo la biskuti, anayochorea mitindo ya nguo. Aliiunda fundi mmoja mpole, mwanaume wa kucheka bila sauti, aliyemposa akakataliwa. Hakukasirika. Alimletea kompyuta yake pamoja na betri ya kushikilia umeme ukikatika, akasema neno moja tu: isizimwe. Kisha akahama. Duka lake siku hizi ni la kinyozi. Na kwa kuwa mama mdogo ana uvivu wa kusubiri mashine iwake, kwa miezi minne kopo hilo halikuzimwa hata siku moja.

Nilifungua ubavu wake huku likiwaka. Mazabodi ndogo, lile bamba linalobeba vipuri vyote, na feni moja iliyojaa vumbi. Nikadondosha tone la mafuta ya cherehani katikati ya feni. Mkoromo ukaisha, lakini kasi iliendelea kupanda na kushuka bila mpangilio. Nikafungua programu ya kusimamia feni. Vipimo vya joto vilikuwa vitatu. Prosesa, nyuzi hamsini na moja. Mazabodi, arobaini. Cha tatu hakikuwa na jina: thelathini na sita nukta saba.

Feni ilikuwa inafuata hicho cha tatu.

Nikatafuta waya wake. Hakuna waya. Kulikuwa na pini mbili tupu kwenye kona ya mazabodi, hazijachomekwa kitu. Pini tupu husoma upuuzi, hasi mia, sifuri, chochote. Hazisomi thelathini na sita nukta saba na kutulia hapo.

Mama mdogo akatoka kuanika nguo juani. Thelathini na saba. Thelathini na saba nukta mbili. Feni ikaongeza mwendo. Akarudi, akaketi, akanywa maji ya baridi. Namba ikashuka taratibu.

Coincidence, nikajiambia. Ndivyo tulivyofundishwa kuita tusichotaka kukiangalia.

Nikaiamuru feni ifuate prosesa, nika-restart. Feni ikasita sekunde mbili hivi. Nyuma ya pazia cherehani ikanyamaza, na mama mdogo akavuta pumzi kwa nguvu, kama mtu aliyeibuka majini.

"Vipi, ma'mdogo?"

"Nimepaliwa tu. Endelea."

Kompyuta ilipowaka, mpangilio ulikuwa umerudi kwenye kipimo cha tatu.

Mwenye akili zake angeachia hapo. Lakini mimi nina cheti. Nilishakataliwa na kampuni kumi na nne, sikuwa tayari kukataliwa na feni. Nikabonyeza Calibrate. Ni jaribio la kawaida: programu inapunguza kasi ya feni hatua kwa hatua mpaka isimame kabisa, ijue kikomo chake, kisha inaiwasha upya. Nimelifanya mara nyingi, sikuona haja ya kufikiri.

Asilimia themanini. Cherehani ilikuwa inakwenda vizuri.

Sitini. Ikapunguza.

Arobaini. Mshono mmoja. Kimya. Mshono mmoja.

Ishirini. Feni ikasimama.

Nyuma ya pazia mkasi ukaanguka.

"Ma'mdogo?"

Nikavuta pazia. Alikuwa ameegemea cherehani, macho wazi, kitambaa bado mkononi. Kifua hakiendi. Nikamtikisa. Hakiendi. Nikarudi mbio kubonyeza Cancel. Ikaganda. Please wait. Kipimo cha tatu: thelathini na tano. Thelathini na nne. Hakuna mwili unaopoa haraka hivyo.

Nikaingiza kidole ndani, nikaisukuma feni.

Nyuma yangu, pumzi moja.

Nikasukuma tena. Pumzi. Feni ikazunguka, ikachoka, ikasimama. Nikasukuma. Pumzi. Mapanga yake yalinichubua. Nilihesabu kwa sauti ili nisilie. Nilipofika tisa, feni ikashtuka yenyewe, ikavuma, na programu ikaandika kwa adabu zake zote: Completed successfully.

"Mbona umekaa kama umefiwa?" Mama mdogo alikuwa amesimama, anajinyoosha. "Nimesinzia mwenzio. Na hili dude limenichosha, nalizima."

Mkono wake ulikuwa tayari kwenye swichi. Niliudaka. Sikumbuki nilivyonyanyuka.

"Usizime," nikanong'ona. "Please, ma'mdogo. Usizime."

Hakucheka. "Una nini, mwanangu?"

"Niachie mimi. Nitaliangalia."

Ndiyo kazi niliyoipata, basi. Permanent, haina likizo. Nalala sebuleni, sikio kwenye feni. Betri inashikilia dakika arobaini. Umeme ukikatika, natazama saa.

Jioni ile ile aliniita mbele ya kioo. "Msomi, hebu njoo. Hiki nini?"

Chini ya koo lake kulikuwa na alama za kidole, nyeusi, za vumbi na mafuta ya cherehani. Nilizitambua. Ni kidole changu, na kovu dogo la utotoni lililo kwenye ncha yake likionekana katika kila alama. Tisa.

Chini ya hizo palikuwa na ya kumi. Kidole gumba, kipana, si changu. Na haikuwa nyeusi. Ilikuwa ya kijivu, rangi ya ile pesti ya kupitisha joto anayopaka fundi mara moja tu, siku anapoiunda kompyuta, kati ya prosesa na bati la kuipoza. Mimi bati hilo sijawahi kulifungua.

Akasugua kwa sabuni na dodoki mpaka ngozi ikawaka.

Zangu tisa zilitoka.