Kigingi Kilichong'olewa Kwenye Barafu

Shimo lilikuwa na joto. Hapo ndipo Mama Kibanda alipoanza kukosa raha, maana alikuwa ameuzoea mlima ule kama jiko lake, na tangu lini shimo la barafu likatoa mvuke kama sufuria?

Ilikuwa siku ya kufunga njia. Majira ya joto yalikuwa yameisha, majani ya bondeni yameanza kuwa mekundu, na wapandaji wa mwisho walikwishateremka na malengelenge yao. Kazi iliyobaki ilikuwa kung'oa vigingi vya chuma vinavyoonyesha njia juu ya barafu. Barafu ya mlima ule haitulii, jamani. Inateremka polepole mwaka mzima, na kigingi ukikisahau humo msimu wa baridi, mwakani kitakuelekeza katikati ya ufa usio na mwisho. Kwa hiyo sheria yao ilikuwa moja: chuma kisilale barafuni. Fundi, mume wa Mama Kibanda, aliishika sheria hiyo kuliko kitu kingine chochote duniani.

Ndiyo sababu alipokiona kigingi kisicho chao, kifupi, kimeliwa na kutu, kimechomoza pale jua lilipoila barafu, hakuuliza mara mbili. Alikizungusha, akakivuta kwa nguvu zote. Kikatoka na kipande cha ngozi kavu kimeng'ang'ania nchani, na shimo lake likabaki linafuka mvuke.

"Hicho si chetu," mkewe alisema. "Kirudishe."

"Chuma ni chuma. Mwakani kikimpoteza mtu, utamwambia hakikuwa chetu?"

"Lakini kaka, kinanuka," alisema mdogo wake Fundi, ambaye kwa urefu wake kila mtu alimwita Ngazi. "Kama nywele zinaungua."

"Mlima una moto tumboni, wewe. Umeanza kujamba kabla babu yako hajazaliwa!"

Ngazi akacheka, wakafunga vigingi vyao, wakaondoka. Lakini Mama Kibanda alijua harufu ya kiberiti cha mlima ule, na hii haikuwa hiyo. Isitoshe, Fundi hakucheka. Aliusema mzaha wake, kisha akabaki amekitazama kiganja alichoshikia kile chuma.

Kibanda chao kilikuwa kwenye mwamba, pembeni ya barafu: chumba kimoja cha mbao, jiko la kuni, benchi, mabunda ya kamba ukutani. Jioni ilikuwa inaingia na ukungu umeziba dirisha. Fundi aliketi akauelekea ukuta, hajavua koti, anatoa sauti ya chini kooni.

"Shem," Ngazi alinong'ona, "kaka anaongea na nani?"

"Na mimi usiniulize. Mpe chai."

Ngazi hakuwahi. Fundi aliinuka, akalinyanyua birika lililokuwa likitokota jikoni, akaliweka mdomoni na kuyagugumia yale maji yote. Midomo yake ikavimba, ikachunika. Wala hakukohoa. Alipolishusha birika alitabasamu, na ile harufu ya nywele zinazoungua ikajaa chumba kizima.

"Toba!" Ngazi alimrukia kaka yake ili amkalishe. Kumbe shoka la barafu lilikuwa karibu na mkono wa Fundi. Lilipanda mara moja, likashuka, likaingia kati ya shingo na bega la Ngazi, na yule kijana mrefu akapiga magoti akiwa bado anasema, "Kaka, ni mimi, kaka, ni mimi," na shoka likapanda tena, likashuka tena, mpaka hapakuwa na wa kusema.

Mama Kibanda alipiga ukelele ambao hata yeye hakuutambua. Kisha mikono yake ikafanya kazi kabla ya akili. Alikamata gogo lililokuwa linawaka upande mmoja akamtwanga nalo mumewe usoni, akamtwanga tena, na alipoyumba juu ya benchi akamrushia kitanzi cha kamba, lile fundo la kumtoa mtu ufani ambalo ukijitikisa linakaza. Fundi alijitikisa, fundo likakaza. Mkewe akamzungushia kamba kwenye nguzo ya kati, mikono, kifua, miguu, huku yeye akimtemea damu na kucheka kwa sauti ya watu wawili.

Kisha akaishika simu ya upepo. Bondeni, nyumbani kwao, alikuwepo mama yake Fundi na Ngazi, mganga ambaye watu walitoka mbali kumfuata kwa ajili ya wagonjwa wa majini. Ndiye aliyebaki na binti mdogo wa Fundi na Mama Kibanda.

"Mama, unanisikia?"

"Sema taratibu, mwanangu, mtoto amelala mapajani."

Akamwambia yote. Kigingi, ngozi, birika. Kisha akamwambia kuhusu Ngazi, maana angelifichaje?

"Nitamlilia mwanangu kesho," mama mkwe alisema, na sauti yake ilikuwa imekauka. "Leo tunaye mmoja wa kuokoa. Nisikilize. Kuna watu walilipigilia jini hilo ndani ya barafu pamoja na mtu wao, na chuma ndicho kilikuwa kinalizuia. Lowesha kamba, umtandike. Usimhurumie, anayepigwa si mume wako. Litachoka, litaomba ruhusa ya kutoka. Hapo ulipangie pa kwenda. Liambie barafuni, basi! Likipewa nafasi ya kuchagua, litafuata damu ileile liliyoionja."

"Damu yetu?"

"Damu yetu. Usiizime simu, mimi nasoma dua huku."

Akaanza kusoma. Mama Kibanda akailowesha kamba kwenye ndoo, akampiga mwanaume aliyelala naye kitanda kimoja tangu ujana wao. Alimpiga kifuani, mapajani, mabegani, koti likachanika na ngozi chini yake ikachanika, na kila pigo lilipoingia lile jini lilimtukana yeye na uzao wake, kisha likalia kwa sauti ya Fundi, "Mke wangu, unaniua," naye machozi yakamziba macho akapiga bila kuona, akijiambia si yeye, si yeye, si yeye, huku dua ikisikika simuni na damu ya Ngazi ikiganda chini ya viatu vyake.

"Basi!" jini lilipiga kelele. "Nimechoka. Nitatoka. Niruhusu."

"Rudi barafuni!"

"Barafuni nakwenda naye."

Na shingo ya Fundi ikaanza kugeuka. Hakuna mkono uliomshika. Kidevu kikapita bega, kikaendelea, mishipa ikatuna, mfupa ukalia kama kuni mbichi motoni, na katika uso ule uliokuwa unageuka bluu yakafunguka macho ya mumewe, yenyewe hasa, yaliyojaa hofu, na midomo ile iliyoungua ikasema, "Usiniache."

"Nimesema barafuni! Barafuni!" Mfupa ukalia tena. Alijua kabisa alichoambiwa, mtu asije akasema hakujua. Lakini alikuwa anamtazama mumewe akifa, na mwingine alikuwa amelala pale sakafuni, na hakuweza. "Nenda unakotaka! Mwachie mume wangu, nenda unakotaka!"

"Hapana, mwanangu, hapana!" mama mkwe alipaza sauti simuni.

Harufu ikakatika. Fundi akalegea kwenye kamba, shingo yake ikarudi, akavuta pumzi ndefu, akaanza kulia kwa maumivu kama binadamu. Mama Kibanda alimwangukia, akamfungua, akaupakata uso wake uliochunika.

"Uko hai," alisema. "Uko hai, baba, uko hai."

"Ngazi yuko wapi?" Fundi aliuliza.

Mama Kibanda aliigeukia simu. Alikuwa ametambua kwamba simuni hakuna tena dua.

"Mama?" Akaibana simu mdomoni. "Mama, nijibu!"

Simu ilikoroma. Kisha likasikika birika linatokota, na mtu anakunywa, anagugumia bila kupumzika.

"Nyumba yenu ni nzuri," sauti ya mama mkwe ilisema, polepole, kwa midomo iliyovimba. "Ina joto."

Mama Kibanda alikuwa ameshaufungua mlango. Chini yake ukungu ulikuwa umefunika mlima wote, na kutoka pale hadi nyumbani ni mwendo wa siku nzima kwa mtu mwenye miguu mizima.

"Mwanangu," alisema. "Mwanangu yuko wapi?"

"Hapa hapa, mapajani. Ameamka. Anauliza mbona mikono ya bibi inaunguza."