Taa ya Saba

Fundi wa taa alikuwa amelala kifudifudi kwenye tuta la maua, mkono mmoja chini ya kifua, wa pili umenyooka kuelekea taa iliyosimikwa chini ya msonobari. Tofali lililompasua kisogo lilikuwa hatua mbili kutoka kichwani pake. Umande ulikuwa bado haujakauka kwenye shati.

"Tangu saa ngapi?" Inspekta aliuliza.

Daktari wa polisi hakuinua uso. "Mwili umeshakakamaa. Jana jioni, kati ya saa kumi na mbili na saa mbili. Pigo moja, kwa nyuma. Mengine yasubiri uchunguzi wa maiti."

"Alipambana?"

"Hakupata hata nafasi ya kugeuka."

Inspekta alichuchumaa. Kituoni vijana walimwita Bi Kwa Nini, ila si mbele yake. Alimtaka daktari amkunjue fundi vidole vya mkono ulionyooka. Ndani ya kiganja kulikuwa na skrubu mbili mpya za shaba. Ya tatu ilikuwa kwenye taa yenyewe, imepinda, na kwenye shingo yake kumenasa kipande cha bati jeusi chembamba kama ukucha.

"Kwa nini mtu afe ameshika skrubu?" aliuliza.

"Alikuwa anafunga kitu, afande," alisema Koplo wake.

"Kiko wapi?"

Koplo alitazama huku na huku, akatazama hata juu ya mti. Kitu hicho hakikuwepo.

Bustani nzima ilikuwa imetandazwa nyaya juu ya nyasi, na taa kumi na mbili zimesimama kwenye vijiti vyake. Mwenye nyumba, mfamasia mwenye maduka mawili mjini, alieleza akiwa kibarazani, kanzu ya kulalia bado mwilini. "Hizo za majaribio. Fundi huziweka wiki nzima kabla ya kufukia waya. Mnazitazama kila jioni, hii isogee, ile ipunguzwe. Mkiridhika ndipo anachimba."

"Jana jioni ziliwaka?"

"Hapana. Alizima swichi kuu afanye marekebisho. Tulipoona giza tukajua kazi haijaisha, ameondoka, atarudi kesho."

"Hukutoka kumtazama?"

"Fundi mtu mzima nimtazame wa nini?" Kisha akashusha sauti. "Inspekta, usijisumbue. Mwulize mtunza bustani wangu. Jana mchana nimemsikia kwa masikio yangu: 'Ukikata mzizi mwingine nitakupasua kichwa.' Na leo ni nani aliyemkuta maiti? Yeye huyo."

Mtunza bustani alikuwa mzee mwembamba, udongo umemwingia kwenye kucha kiasi kwamba hautatoka tena. Kituoni aliketi na mikono mapajani.

"Ulisema utampasua kichwa?"

"Nilisema."

"Kwa nini?"

"Alikuwa anauumiza msonobari. Mama, mimi hata mke wangu namwambia kila siku nitawachinja kuku wake wote. Kuku wanazeeka wale."

Koplo alicheka, akajikausha haraka.

"Alama zako za vidole ziko kwenye lile tofali."

"Matofali yote ya tuta nimeyapanga mimi kwa mkono. Okota lolote, utanikuta."

"Mlimalizaje ugomvi?"

"Akaja mwenyewe saa tisa, akaniambia waya ataupitisha kando ya mzizi. Tukapeana mikono. Saa kumi na moja nikaenda zangu nyumbani."

"Nani aliwaona mkipeana mikono?"

Mzee alifikiri. "Yeye," alisema. Machozi yakamlengalenga, akayafuta kwa kiwiko.

Mkuu wa kituo hakuona kwa nini jambo liwe refu. Vitisho vipo, alama za vidole zipo, mtu yupo. Kesho saa tatu asubuhi apandishwe kizimbani kwa mauaji. Inspekta aliomba siku hiyo tu. Alipewa, lakini kwa uso wa mtu anayempa mgeni kiti kibovu. Akatoka akijua kwamba jua likizama mikono ikiwa mitupu, yule mzee ataingia mahabusu, na kesi za namna hiyo humkalisha mtu miaka kabla hajasikilizwa.

Mkoba wa fundi ulikuwa na koleo, tepu, tochi, na daftari la jalada gumu. Ukurasa wa kwanza alikuwa ameandika kwa herufi kubwa, kama mtu anayejionya mwenyewe: KAA KWANZA KWENYE KILA DIRISHA. Kurasa zilizofuata zilikuwa za taa, kila moja na namba yake, na mbele ya namba, dirisha ambalo aliketi kuitazamia.

Inspekta alisoma polepole. Taa ya kwanza: dirisha la sebule, ngazi zionekane, mtu asijikwae. Ya nne: dirisha la jikoni, punguza, inamchoma mpishi machoni. Ya sita: acha giza kati ya miti miwili, bustani nayo ipumzike. Alijikuta anampenda marehemu, na hilo lilimtia uchungu. Kisha akafika ya saba. *Chumba cha mgonjwa. Kofia ndefu. Leo bila kukosa.*

Alirudi kwa mfamasia. "Nani anaumwa humu ndani?"

"Humu? Hakuna. Tuko wazima wote."

"Taa ya saba, ile iliyo chini ya msonobari, inaelekea wapi?"

Mfamasia alikuna shingo. "Juu ya mti. Sasa, mwanga ukipita mti unakwenda zake. Ng'ambo ya ua kuna Mwalimu mstaafu, ana maneno huyo. Ameniletea vijibarua vitatu wiki hii. Eti taa inaingia chumbani kwa mkewe."

"Ulimjibu?"

"Juzi tulikutana uani. Nikamtania tu. Nikamwambia, 'Mwalimu, haya ni majaribio. Ngoja fundi amalize, ndipo utauona mwanga wenyewe.'"

"Alicheka?"

"Hakucheka."

"Fundi ulimwonyesha hivyo vijibarua?"

"Nilivitupa. Mtu ukisikiliza majirani hujengi hata banda la kuku."

Inspekta aligeukia ule ua.

Ua uliotenganisha viwanja viwili ulikuwa wa michongoma, na karibu na msonobari ulikuwa na upenyo ambao mtu angepita kwa ubavu. Inspekta na Koplo waliuzunguka, wakapiga hodi mlangoni. Mwalimu alifungua akiwa amekunja mikono ya shati, viganja vimejikunja kwa maji na sabuni. Alikuwa na umri wa kama miaka sabini, wima bado, ila macho yake yalikuwa mekundu ya mtu asiyelala.

"Jana jioni ulikuwa wapi, Mwalimu?"

"Ndani. Namuuguza mke wangu. Mwaka wa pili huu hajashuka kitandani."

"Ulisikia lolote?"

"Sikusikia."

"Fundi wa taa ulimfahamu?"

"Kwa sura tu. Mtu wa kuongeza mwanga juu ya mwanga. Alikuwa hatosheki, mpaka ile ya chini ya msonobari akaivisha na kopo jipya."

Koplo alimtazama Inspekta. Inspekta hakumtazama Koplo.

"Kopo gani, Mwalimu?"

"Hilo... alilokuwa anafunga."

"Sisi hatukukuta kopo."

Mwalimu alishusha mikono ya shati. Wakati huo sauti nyembamba ikatoka chumba cha ndani. "Mwalimu, nani huyo? Ni fundi?"

"Si fundi, mama. Wewe lala."

"Kwa nini anadhani ni fundi?" Inspekta aliuliza taratibu.

Mwalimu hakujua. Ilionekana usoni kwake kwamba kweli hakujua. Inspekta akampita, akaingia.

Dirisha lilikuwa limefunikwa blanketi, na juu ya blanketi shuka mbili. Kitandani alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, kitambaa chenye maji kwenye paji la uso. Kando yake palikuwa na kiti cha mbao.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nilidhani ni yule kijana. Nilitaka kumshukuru."

"Alikuja hapa?"

"Jana mchana. Mwalimu alikuwa kwenye foleni ya dawa, mlango umerudishiwa tu. Akabisha, nikamwambia ingia, sina miguu ya kukufungulia. Akaketi hapo ulipo wewe. Akasema ameona mwanga wake umevuka ua, na mwanga ukivuka ua ni wizi." Alitabasamu kidogo. "Akaniuliza unanipiga wapi. Nikamwonyesha, jicho hili. Akapiga magoti sakafuni, kichwa usawa wa mto wangu, atazame ninavyotazama mimi. Mtu mzima na suruali yake safi! Akasema ataifunga taa kofia ndefu ya bati, tena jioni ile ile, na nisipolala nimwite mwongo."

"Hukumwambia Mwalimu?"

"Nilimeza vidonge, nikalala kabla hajarudi. Na leo hajakaa na mimi, anafua tu tangu alfajiri. Lakini usiku wa jana umekuwa giza zuri, mwanangu. Nimelala mpaka asubuhi. Yule kijana ni mtu wa ahadi."

Mlangoni kulikuwa na kishindo kidogo. Mwalimu alikuwa ameteleza ukutani mpaka chini, miguu mbele, kama mtoto aliyeambiwa akae hapo.

"Mwalimu?" mkewe aliita. "Umeanguka?"

"Nimekaa tu, mama," alisema.

Walimwinua, wakampeleka jikoni na kurudisha mlango. Inspekta alimpa onyo la kisheria, kwamba hana lazima ya kusema na kwamba atakachosema kitaandikwa. Alilisikiliza lote, kisha akanyoosha kidole kwenye ndoo ya mashuka. Koplo alitia mkono kwenye povu, akatoa kopo la bati jeusi, refu kama kiganja na vidole vyake, wazi pande zote mbili, tundu moja la skrubu limechanika. Alilikausha, akalitia kwenye mfuko wa vielelezo.

"Nilidhani ndiyo mwanga wenyewe," Mwalimu alisema. "Ule alionitisha nao jirani."

"Tueleze."

"Ana uvimbe kichwani. Mwanga ukimgusa anatapika, anajipiga kichwa kwenye ukuta. Siku sita, afande. Taa zinajiwasha zenyewe jua likizama, zinazima alfajiri. Nikiziba dirisha anakosa pumzi, nikizibua anapiga kelele. Jana nimekaa foleni tangu asubuhi, kufika dirishani nikaambiwa dawa ya maumivu imekwisha. Nikarudi mikono mitupu. Nikamkuta amelala, nikamshukuru Mungu. Nikachungulia nje, jua linazama, na yule amepiga magoti pale, anafunga kitu kikubwa kuliko taa yenyewe. Nikasema leo anakuja kumwamsha."

"Ukapita kwenye ua."

"Nikapita. Nikaokota tofali la pembeni ya tuta. Alikuwa anapiga mluzi mdogo, wa mtu aliye kazini."

"Kwa nini hukumwuliza anafanya nini?"

Mwalimu alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Nilishauliza mara tatu, kwa maandishi, kwa adabu. Nilikuwa nimechoka kuuliza."

"Na mtunza bustani?"

Hapo aliinamisha kichwa. "Nilimwona akipakiwa garini. Nikajiambia wakinichukua mimi, nani atamgeuza mke wangu? Yule ana miguu yake, atasubiri, wataona hana kosa."

"Wasingeona. Kesho alikuwa anakwenda na maji, na wewe ulijua."

"Nilijua," Mwalimu alisema.

Inspekta alitoka uani, akampigia simu mkuu wa kituo, akamwambia amwachie mzee, na amwombe radhi. Kesi ilikuwa imekwisha kabla ya adhuhuri, na hakusikia raha yoyote. Aliporudi, Koplo alikuwa ameshafunga pingu, mbele, kwa upole.

"Anageuzwa kila baada ya saa mbili," Mwalimu alikuwa anamwambia Koplo, haraka haraka, kama anayemaliza somo kengele imeshapigwa. "Chali, kisha ubavu wa kulia. Wa kushoto unamwuma, una kidonda, usimlaze huo. Maji kwa kijiko. Dada yake yupo, namba iko ukutani."

"Nimeshampigia," alisema Koplo. "Anakuja na basi la mchana."

"Msimwambie leo. Nawaomba. Mwacheni leo tu."

Inspekta hakumwahidi. Alisubiri gari liondoke, akarudi chumbani, akaketi kwenye kile kiti. Alikuwa amepeleka habari za vifo kwa watu wengi, na kila mara alijua aanzie wapi. Leo hakujua. Mwishowe alisema yote, kwa sauti ya chini, bila kuficha nani, bila kuficha kwa nini.

Mama hakulia. Mkono wake mkavu ulishika ukingo wa shuka.

"Yule kijana ana mke?"

"Anaye. Na watoto wawili."

"Wameshaambiwa?"

"Asubuhi."

Alifumba macho, akafumbua.

"Nigeuze, mwanangu. Nisikitazame hicho kiti."

Inspekta alisimama, kisha akasita. "Upande huo ni ubavu wenye kidonda, mama."

"Najua. Nigeuze."

Akamgeuza.