Mikanda Juu ya Trela Tupu

Nani alikudanganya kwamba majini hutoka usiku tu? Huyu wa Mafiga alianza saa nne asubuhi, saa ya chai, jua limeshapanda na milima ya Uluguru iko wazi bila hata wingu la kujifichia. Hakuvuma kama upepo wala hakulia kama paka. Alikaza mikanda, basi.

Mahali penyewe ni gereji ya Mansuri, wanakounda bodi za malori. Pembeni mwa uwanja liliegeshwa trela moja la bluu, tupu, tangu ajali ya Mkuyuni. Lilitengenezwa hapohapo. Abeid, fundi wa kuchomelea, ndiye aliyepachika pete za chuma kando ya sakafu yake, zile ambazo dereva huingiza kulabu za mikanda ili mzigo usicheze njiani. Siku ya ajali lilibeba nguzo za umeme kwenda Matombo. Kwenye kona ya Mkuyuni mkanda mmoja uliachia, nguzo zikabingirika hadi sokoni, na Bi Mosi muuza ndizi akafa akiwa bado amekaa kwenye kigoda chake. Trela likavutwa kurudi gerejini. Kesho yake mkaguzi akazikagua pete, akakuta zote zipo mahali pake. Kwa hiyo kosa likawa la dereva: hakufunga. Dereva huyo, Castory, alikuwa na miezi miwili rumande, na kesi yake ilikuwa isikilizwe Alhamisi.

Mkewe, Felista, ndiye aliyekuwa akiwauzia mafundi wa gereji hiyohiyo chai na chapati. Watu walimuuliza anapata wapi moyo wa kuja pale kila siku. Aliwajibu kwamba watoto wake hawali moyo.

Jumatatu ya wiki ile alikuwa anamimina chai alipoona mikanda mitatu imetandazwa juu ya trela, kutoka pete za upande huu hadi za upande ule. Jumamosi mikanda hiyo ilikuwa imeviringishwa ndani ya ndoo. Hilo lingekuwa jambo dogo, lakini mikanda haikulala sakafuni. Ilikuwa imeinuka katikati, imekaza, kama inapita juu ya mtu aliyejikunyata. Chini yake palikuwa na mbao tupu na mwanga wa jua.

“Abeid,” alisema, “mnafunga nini pale?”

Abeid aliangalia, kisha akarudisha macho kwenye kikombe. “Hakuna aliyefunga.”

“Sijauliza nani. Nimeuliza nini.”

Mansuri alikuwa anatoka ofisini, mswaki mdomoni. “Mama Upendo, mumeo angefunga hivyo, leo angekuwa hapa anakunywa chai yako.”

Kre.

Mlio ulitoka kwenye trela. Racheti, kile kibano cha chuma cha kukazia mkanda, ilikuwa imesogea jino moja. Mpini wake ulipanda na kushuka, na hapakuwa na mkono. Mara ikaja harufu: rangi mbichi, halafu nyuma yake ndizi zilizoiva mpaka zikapasuka. Mansuri aliutoa mswaki mdomoni taratibu.

Jumanne akaleta mtaalamu wa majini. Mtaalamu mwenyewe alikuja na kanzu iliyopigwa pasi, spika ndogo ya kuchaji na kijana wa kumpiga picha za mtandaoni. Alinyunyiza marashi kwenye matairi, akatangaza kwamba jini ni wa baharini. Kutoka Mafiga hadi baharini ni mwendo wa nusu siku kwa basi, lakini hakuna aliyemuuliza jini huyo alishukia stendi gani. Kisha akamtazama Felista.

“Ametumwa. Kuna mtu hapa ana kinyongo, mume wake yuko ndani kwa uzembe wake mwenyewe.”

Kre. Kre.

Mtaalamu aliondoka akiisahau spika.

Felista hakuwa mtu wa kuzimia. Alisubiri wengine watawanyike, akamfuata Abeid kwenye meza yake ya chuma. Abeid alikuwa amekonda, na vidole vyake vilikuwa na rangi ya bluu hadi kwenye kucha.

“Umepaka nini leo?”

“Sijapaka kitu. Nimeigusa tu ile pete ya nne. Haikauki, dada. Tangu siku ile haikauki.”

“Hebu nijibu jambo moja. Mume wangu alifunga, hakufunga?”

Abeid aligeukia trela. Chozi lilimtoka, akalifuta kwa mkono wenye rangi, likaacha mstari wa bluu shavuni. “Muulize mjomba,” alinong'ona.

Mjomba ndiye Mansuri. Abeid ni mtoto wa dada yake wa tumbo moja, na kwa Waluguru huyo ndiye mtoto hasa. Watoto wa kuwazaa mwenyewe ni wa ukoo wa mama yao. Mansuri alimlea tangu ana miaka sita na gereji alikuwa anamwachia yeye.

Jumatano, siku moja kabla ya kesi, Felista alikuja na Bi Raya. Felista ni Mkatoliki na hakupenda kuonekana na mganga, lakini alikuwa ameshasali novena mbili, na mahakama haisubiri ya tatu. Bi Raya ni mama mfupi, kandambili mguuni, mfuko wa plastiki mkononi. Hakuwa na spika.

“Shikamoo, bibi,” alisema Mansuri.

“Marahaba. Zima redio.”

Alivua kandambili, akapanda kwenye trela, akaingiza kiganja chini ya mikanda, pale palipokuwa hewa tupu, na kukiacha hapo kwa muda mrefu kama mtu anayempima mtoto homa.

“Anatetemeka,” alisema. “Namjua. Nilimkalisha mimi mwenyewe kwa Mosi, miaka kumi na mmoja iliyopita. Hakuwahi kumuudhi. Akipikiwa ndizi nyama mara moja kwa mwaka, anatulia.”

“Bi Mosi alikuwa na jini?” aliuliza Felista.

“Mosi alikuwa kiti chake, mwili wake wa kukalia. Mmemvunjia kiti. Hana pa kukaa, anaona kila kitu kinabingirika, ndiyo maana anajifunga asianguke. Na kila mkisema uongo kuhusu siku ile anaogopa zaidi, anakaza.”

“Basi mfukuze,” alisema Mansuri.

“Nimfukuze kutoka kwa nani? Hajaingia kwa mtu. Bado anachagua.” Bi Raya alishuka, akavaa kandambili. “Amesema atakaa kwa aliyemvunjia, au kwa damu yake. Akikaa kimyakimya, hatoki tena, mtamzika mtu huyo naye yumo. Akisemewa wazi, mbele ya watu, naweza kumbembeleza arudi mlimani. Kwa hiyo msimsumbue na ubani. Anayejua aseme.”

Mafundi walitazamana. Muuza matairi wa jirani alikuwa ameshasogea kwenye uzio.

“Sisi tunajua nini?” Mansuri alijaribu kucheka. “Aliyevunja yuko rumande. Hakufunga mkanda, imeandikwa.”

Racheti zote tatu zililia kwa pamoja, kre, kre, kre, na hazikuishia hapo, ziliendelea jino baada ya jino, mikanda ikizama katikati kama inayomkata mtu tumbo, mbao za sakafu zikilia, fremu ya trela ikijikunja kidogokidogo kuelekea juu, na harufu ya ndizi ikawa nzito kiasi kwamba fundi mmoja aliziba pua kwa shati, na wote wakarudi nyuma hatua kwa hatua bila kukubaliana, mpaka migongo yao ikagusa ukuta.

Halafu mikanda ikalegea. Yote mitatu ililala sakafuni, laini, kama nguo iliyoanguka kwenye kamba.

“Ameondoka,” alisema Mansuri. “Alhamdulillahi, ameondoka.”

“Amechagua,” alisema Bi Raya.

Abeid alikuwa amesimama peke yake karibu na meza yake. Alishika kifua. Alitaka kusema, midomo ilicheza, lakini pumzi iliyotoka haikutosha hata kuzima kiberiti, na chini ya fulana yake wote waliona kitambaa kikibonyea, mstari mmoja mpana kama kiganja, kisha wa pili chini yake, kisha wa tatu tumboni, na kutoka ndani ya mbavu za kijana yule, si kwenye trela, si kwenye chuma chochote kilichokuwa pale uwanjani, ukasikika ule mlio mdogo wa jino moja likipita jingine, na akapiga magoti huku macho yake yakimtafuta mjomba wake.

Mansuri alimkimbilia, akamkumbatia, akajaribu kupenyeza vidole chini ya kitu asichokiona. “Mkatie mikanda, bibi. Kata.”

“Siwezi. Mwenyewe hana pumzi ya kusema. Nani mwingine anajua?”

Kre.

Felista alichuchumaa mbele ya Mansuri. Hakupandisha sauti. “Mzee, mwanao anakwisha. Wangu mimi anasimama mahakamani kesho. Sema.”

Mansuri aliwatazama mafundi wake, muuza matairi kwenye uzio, yule mganga mfupi, na mwisho uso wa Abeid uliokuwa unageuka rangi.

“Umeme ulikatika tukiwa tunachomelea,” alisema. “Pete ya nne ilikuwa imeshikizwa kwa nukta mbili tu za kuchomelea. Abeid alikataa, alisema haijaiva, tungoje. Mimi ndiye niliyesema paka rangi, gari liondoke.”

Kifua cha Abeid kilipanda, kidogo.

“Endelea,” alisema Bi Raya.

“Iling'oka Mkuyuni. Trela lilipoletwa nikamwamsha Abeid alfajiri, akanishikia taa. Nikairudisha kwa mkono wangu kabla mkaguzi hajafika, nikapaka rangi tena.” Alimgeukia Felista. “Castory alifunga. Mikanda yote. Alifunga vizuri kabisa. Bi Mosi nimemuua mimi.”