Chokaa Kwenye Miti ya Baba

Kila jioni Kabura alivua sare ya shule, akamkatia ng'ombe nyasi kwenye matuta, kisha akaenda kuchota maji kwenye bomba la kikundi cha wanawake. Miaka michache nyuma hapakuwa na bomba. Chemchemi ilikuwa imekauka, na wanawake wa kijiji chao, kwenye miteremko iliyo juu ya mji wa Nyeri, walishuka hadi mtoni na kupanda na mitungi mgongoni, kamba ikiwakata kipaji cha uso. Ndipo walipochimba matuta, wakapanda nyasi na mianzi, na maji yakarudi. Sasa waliuza kabeji na maziwa mjini, na katika mikutano ya chifu waliitwa mbele kuzungumza. Mwenyekiti wao alikuwa Wakonyo, mama yake Kabura.

Lakini maji yalianza kupungua tena. Kikundi kikaamua kwamba mikaratusi yote iliyo karibu na chemchemi ikatwe, kwa sababu inanyonya maji mengi. Kila mti wa kukatwa ulipakwa chokaa. Miti ya jirani yao Njoki ilikuwa imeshakatwa. Ilibaki ile ya Mburu, baba yake Kabura, aliyefariki mwaka uliopita.

Kabura alimwona mama yake akiipaka chokaa miti hiyo, uso mkavu. Mama huyohuyo bado alilia kila alipokunja koti la baba. Inakuwaje umlilie mtu, kisha ukate miti aliyoipanda kwa mikono yake? Kabura hakuelewa. Alitaka kuuliza, lakini tangu mazishi nyumba yao ilikuwa na mambo yasiyoulizwa.

Siku moja kabla ya miti hiyo kukatwa, alichukua gunia lililolowa maji akaisugua miti ya baba mpaka chokaa yote ikatoka. Alidhani wakataji wasipoona alama watapita tu.

Jumamosi asubuhi watu walikuja na mashoka, wakasimama.

"Mama Kabura, naona miti yako imeoga," Njoki alisema. "Yangu ilikufa na uchafu wake."

Wengine walicheka, lakini hakikuwa kicheko kizuri. Ngatia, kaka wa marehemu Mburu, ambaye tangu mwanzo alisema wanawake hawawezi kusimamia maji, alitikisa kichwa.

"Si niliwaambia? Huyu mmempa kiti, sasa anakitumia kulinda miti yake."

Wakonyo alieleza kwamba aliipaka chokaa yeye mwenyewe. Hakuna aliyemwamini. Mwanamke mmoja akapendekeza achaguliwe mwenyekiti mwingine, na Ngatia akasema kama ni hivyo, afadhali kazi yote irudi kwa wanaume. Kabura alimtazama mama yake. Hakuwa akijitetea tena. Alikuwa akipapasa gome la mti, kana kwamba ameanza kujitilia shaka.

"Ni mimi," Kabura alisema. Sauti ilitoka ndogo, ikabidi arudie. "Niliisugua mimi. Ni miti ya baba."

Njoki aliinamisha macho, kisha akamwomba Wakonyo msamaha. Ngatia aliitazama miti ya nduguye. Mwishowe alisema kwamba mashoka yatawachelewesha, naye ana msumeno wa injini nyumbani.

"Niulete, mwenyekiti?"

Siku zote alimwita shemeji tu. Wakonyo aliitikia kwa kichwa.

Walipokuwa wakimngoja, alimketisha Kabura kando. Alimweleza kwamba baba aliipanda pale ili wapate mbao, bila kujua itaimaliza chemchemi, na kwamba hata yeye aliipaka chokaa kwa uchungu.

"Sasa baba tutamkumbuka kwa kitu gani?" Kabura aliuliza.

"Sijui bado. Tutatafuta pamoja." Mama alimfuta machozi kwa ncha ya leso. "Lakini sikia, mwanangu. Jina langu nimelijenga kwa jembe, na nusura ulibomoe kwa gunia moja, bila neno. Jambo usilolielewa, liulize, hata kama linauma. Ukitenda kwa siri, atakayeumia ni asiye na kosa. Na ukikosea, sema kweli kama ulivyosema leo, hata watu wakiwa wengi."

Msumeno ulipoanza kunguruma, walisimama wakashikana mikono, na hakuna aliyegeuza uso mti wa kwanza ulipoanguka.