Paa la Kitambaa na Rangi ya Viatu

Kila Jumamosi dereva alipeleka maharusi. Gari lake lilikuwa kuukuu, jekundu, la paa la kukunja. Paa hilo si bati. Ni kitambaa kizito cheusi. Jua likiwaka, dereva hulikunja nyuma ya viti, na mtaa mzima humwona bibi harusi, kuanzia shela hadi tabasamu.

Zamani gari lilikuwa la bosi wake. Kwa miaka kumi na minane alilifuta vumbi. "Milango osha, magurudumu osha," bosi alikuwa akisema. "Paa usiguse. Hutaelewa." Wala hakumweleza. Alipolichoka gari akalitelekeza juu ya matofali, dereva alilinunua. Lile neno "hutaelewa" hakulisahau.

Safari hii bibi harusi alikuwa binti yake mwenyewe. Zilibaki siku sita.

"Mama, nataka paa wazi," binti alisema. "Miaka yote nawaona mabinti wa watu wakipunga mikono. Na mimi nipunge."

"Utapunga mpaka mkono ung'oke, mwanangu."

Lakini paa lilikuwa limepauka, lina madoa ya kijani. Mume wa dereva alikuwa fundi viatu. Akalitazama, akajikuna kidevu.

"Kitu cheusi kilichopauka, dawa yake naijua mimi," alisema.

Akalipaka paa makopo manne ya rangi ya viatu. Akasugua mpaka likang'aa kama buti la gwaride.

"Mume wangu, una mikono ya dhahabu," dereva alimsifu. Mikono ile ilikuwa myeusi tii mpaka viwikoni.

Kesho yake binti alikuja kujaribu kiti. Akainama kuingia. Bega likagusa paa. Alipotoka, blauzi yake nyeupe ilikuwa na doa kubwa jeusi.

"Na humo ndani mnanuka soksi," alisema polepole. "Mama, hii ni blauzi tu. Jumamosi ni gauni. Mjomba wa bwana harusi ana gari la bati. Anataka jibu kabla ya Alhamisi."

Dereva alihisi kama amenyang'anywa usukani. Amewapeleka mabinti wa watu wote, halafu wake apelekwe na mjomba wa watu?

Akamwita jirani yao, Bi Uzi, mshona maturubai. Bi Uzi alizunguka gari, akavaa miwani, akacheka mpaka akaegemea mlango.

"Shemeji, hiki ni kiatu?"

"Ni cheusi," fundi viatu alijitetea.

"Na mimi ni mweusi. Ungenipaka?"

Fundi viatu alicheka pia.

"Sikilizeni," Bi Uzi alisema. "Kitambaa hiki kina vitundu vidogo vidogo. Kinapumua. Rangi ya viatu ina nta. Inaziba vitundu, inanasa vumbi, kisha inamhamia kila anayegusa."

"Na huu ukijani?" dereva aliuliza. "Na harufu?"

"Ukishaosha gari, paa unalifanyaje?"

"Nalikunja, jua lisilipige."

"Likiwa bichi?"

Dereva akaligusa doa la kijani.

"Nguo mbichi ukiikunja ukaifungia kabatini wiki nzima, unakuta nini?"

"Ukungu."

"Umejijibu, jirani yangu."

"Mbona hakuna aliyeniambia?"

Bi Uzi alivua miwani. Kicheko kilikwisha. "Karakana niliyofanyia kazi tulikatazwa kusema. Mwenye karakana alisema mteja akijua, harudi. Nimewashonea mapaa mapya watu waliohitaji ndoo na brashi tu. Haya mambo hayafichwi kwa sababu ni magumu. Yanafichwa kwa sababu ni mepesi."

"Basi nifundishe yote," dereva alisema. "Usibakize hata moja."

Walianza mchana uleule, paa likiwa limefungwa. Kwanza walifagia vumbi na ukungu kwa brashi laini. Wakamwagia maji ya ndoo. Fundi viatu alitaka kuleta mashine ya kuoshea magari.

"Maji ya kasi yanachana mishono," Bi Uzi alimzuia. "Na hiyo sabuni ya unga irudishe jikoni. Tunataka sabuni laini ya maji, kidogo tu."

Rangi ilitoka kama wino. Waliosha, wakasuuza, wakaosha tena, mara nne, bila kukandamiza. Kioo cha nyuma kilikuwa cha plastiki, hivyo walikiosha kwa kitambaa laini chenye maji, maana kitambaa kikavu hukikwaruza. Dereva alichokoa majani kwenye vijitundu vya kutolea maji. Akafuta na mipira ya pembeni inayozuia maji kuingia.

Paa likakaa limetandazwa kwenye upepo, siku moja na nusu, bila kukunjwa. Lilipokauka kabisa walipaka dawa ya kuzuia maji, ile ya mapaa ya kitambaa. Walianza na kipembe kilichojificha, waone kama itaacha doa.

"Paa la plastiki lina dawa yake nyingine," Bi Uzi alisema. "Soma kopo kabla hujapaka."

Jumatano jioni binti alileta kipande cha kitambaa kilichobaki wakati wa kushona gauni. Akakisugua juu ya paa, huku na huku. Wazazi wake wakasogea kutazama. Akakigeuza. Kilikuwa cheupe pe.

"Mjomba nitamwambia ahsante," alisema.

Jumamosi mvua ilinyesha wakiwa njiani. Matone yaliviringika juu ya paa, yakadondoka kama shanga. Ndani, gauni halikupata hata tone. Mara jua likatoka.

"Kunja, mke wangu," fundi viatu alihimiza. "Tumeshachelewa."

"Baba, litakunjwa bichi?" binti aliuliza.

Dereva akaegesha kando. Nyuma yake yakasimama magari saba ya msafara wa harusi, yakapiga honi. Bi Uzi akashuka kwenye gari la kwanza na taulo. Mashangazi wakashuka na mataulo aliyowagawia asubuhi. Mwenye lori akasimama, akauliza kuna shida gani. Dereva alimweleza yote, tangu ndoo hadi dawa. Mashangazi walimkatiza kila aliposahau. Simu ya binti ikalia.

"Mko wapi?" bwana harusi aliuliza.

"Tunakausha paa."

"Mnakausha nini?"

Bi Uzi aligusa mishono. "Bado." Wakangoja. Akagusa tena. "Sasa."

Paa likakunjika taratibu. Walifika wamechelewa dakika arobaini, binti akipunga mikono yote miwili. Bwana harusi alilitazama gauni jeupe, akayatazama mataulo mabichi mabegani mwa mashangazi, akaamua maswali yatangoja kesho.